Kufasiri sheria ya kodi si kuirahisisha: tuitazame India

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu makala ya ukurasa wa biashara iliyosifu mageuzi ya kodi nchini India. Mwandishi alieleza kwamba India imefuta sheria yake ya kodi ya mapato ya mwaka 1961, na kwa kufanya hivyo imewaondolea kodi wananchi wote wenye kipato cha hadi rupia laki 12. Nia yake ilikuwa njema, lakini katika sentensi hiyo moja amefunga pamoja mambo mawili yaliyotoka katika sheria mbili tofauti, na la tatu, ambalo hata asiye na mshahara huligusa kila aingiapo dukani, hakulitaja kabisa. Nilifanya kazi ya uhasibu hapa Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuwafundisha vijana kusoma sheria za kodi, kwa hiyo naomba nisamehewe nikianza kwa kunyoosha hesabu.

Nafuu ya laki 12 ilitokana na bajeti iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa India, Bi. Nirmala Sitharaman, tarehe 1 Februari 2025, wala haikuletwa na sheria mpya ya kodi iliyochukua nafasi ya ile ya 1961. Tena si kweli kwamba laki 12 za mwanzo hazitozwi kitu. Katika mfumo mpya wa viwango, zisizotozwa ni rupia laki 4 tu. Laki 4 zinazofuata hutozwa asilimia 5, na laki 4 nyingine asilimia 10, jumla rupia 60,000, ambazo mtu mwenye mapato yasiyozidi laki 12 hufutiwa zote. Anayepata laki 13 hafutiwi. Yeye huhesabiwa kuanzia pale laki ya nne inapoishia, na kodi yake hufika rupia 75,000 kabla ya kuongezwa tozo ya afya na elimu ya asilimia 4. Aliyevuka mpaka kidogo, tuseme kwa rupia 10,000, amewekewa kinga ili kodi hiyo isizidi kile alichovuka nacho. Na anayetaka nafuu hii sharti aukubali mfumo mpya na kuachana na makato mengi aliyoyazoea katika mfumo wa zamani. (Neno laki, kwa wanaojiuliza, ni la huko huko India, nasi tulilipokea pamoja na rupia yenyewe, ambayo ilikuwa fedha ya Afrika Mashariki hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920.)

Jambo ambalo makala haikuligusa ni kodi ya bidhaa na huduma, jamaa wa VAT yetu, iliyoanza nchini India tarehe 1 Julai 2017 ikiwa na viwango vikuu vinne: asilimia 5, 12, 18 na 28. Viwango hivyo viliwafanya wafanyabiashara na maofisa wa kodi kugombana juu ya vitu ambavyo mpishi yeyote angeviamua kwa kuvitazama tu. Mwaka 2020 mamlaka ya maamuzi ya kodi katika jimbo la Karnataka iliamua kwamba parota iliyofungashwa, mkate wa jamii ya chapati, haihesabiwi pamoja na roti na chapati, hivyo itozwe asilimia 18 badala ya 5. Desemba 2024 Baraza la kodi hiyo, linalowakutanisha Waziri wa Fedha wa serikali kuu na mawaziri wa majimbo, lilitumia muda wake kufafanua kwamba bisi za chumvi zisizofungashwa ni asilimia 5, zilizofungashwa 12, na zilizopakwa karameli 18. Nchi nzima ilicheka. Tarehe 3 Septemba 2025 Baraza hilo likakubaliana kuviondoa viwango vya 12 na 28, kubakiza 5 na 18 kwa bidhaa nyingi, na kuweka asilimia 40 kwa anasa na vitu vyenye madhara. Uamuzi huo ulianza kutumika kwa sehemu kubwa tarehe 22 Septemba. Tangu siku hiyo chapati, parota na ndugu zao wote hawatozwi, na bima za maisha na za afya za mtu binafsi pia zimesamehewa.

Baada ya hayo ndipo tunaweza kuizungumzia sheria mpya yenyewe, yaani Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2025, iliyosainiwa na Rais wa India tarehe 21 Agosti 2025 na kupangiwa kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 2026. Haikukusudiwa kubadili viwango vya kodi. Kilichobadilishwa ni maandishi. Sheria ya 1961 ilikuwa imerekebishwa karibu kila bajeti, kipengele juu ya kipengele, hadi ikawa na vifungu 819 na maneno zaidi ya laki 5. Mpya ina vifungu 536 na maneno yanayokaribia laki 2 na elfu 60. Masharti ya nyongeza yapatayo 1,200, yale yanayoanza kwa "isipokuwa kwamba", yameondolewa au yameingizwa ndani ya vifungu vyenyewe, na mambo mengi yaliyokuwa yakielezwa kwa aya ndefu, kama viwango vya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla mtu hajalipwa, sasa yamepangwa katika majedwali.

Badiliko ninalolipenda kuliko yote ni dogo mno. Kwa miongo mingi Mhindi aliyepata kipato kati ya Aprili 2024 na Machi 2025 aliambiwa kwamba huo ni "mwaka uliotangulia" wa 2024-25, lakini ritani yake, yaani taarifa ya mapato na kodi, aiandike kwa "mwaka wa makadirio" wa 2025-26. Kipindi kimoja cha mapato kilikuwa na majina mawili yenye tarakimu mbili tofauti, na mlipakodi aliyejaza mwaka usio sahihi kwenye hati ya malipo alijikuta fedha zake zimeingia serikalini lakini akidaiwa bado hajalipa. Sheria mpya imeyafuta majina yote mawili na kuweka moja tu, mwaka wa kodi, ambao ni miezi 12 inayoanza tarehe 1 Aprili. Hakuna aliyepunguziwa hata rupia moja kwa badiliko hilo, lakini mwenye duka aliye peke yake na kalamu yake amepunguziwa kosa alilokuwa akilifanya kwa kutoelewa.

Nina sababu ya kulisisitiza hili kwa wasomaji wa Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 lugha ya sheria zetu Tanzania ni Kiswahili, na kazi ya kuzifasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ni kubwa na ya heshima. Hofu yangu ni kwamba tunadhani ikiisha hiyo tumemaliza. Sentensi ya Kiingereza yenye maneno mia mbili, iliyofungwa kwa isipokuwa tatu na kurejea vifungu vinne vya sheria nyingine, ikifasiriwa kwa uaminifu inakuwa sentensi ya Kiswahili yenye maneno mia mbili, isipokuwa tatu na vifungu vinne. Fundo limehama lugha na halijafunguka. Siku moja darasani niliwapa vijana wangu kifungu cha namna hiyo katika lugha zote mbili. Wenye Kiingereza walikosea hesabu, na wenye Kiswahili walikosea vilevile, tena wote walipata jibu moja la makosa. Wahindi hawakuanza na tafsiri. Walianza kwa kuifumua sentensi yenyewe, wakauliza kila sehemu inafanya kazi gani, ndipo wakaiandika upya.

Hata hivyo sitaki kumsifu jirani wa ng'ambo kupita kiasi, maana sheria ileile iliyopunguza maneno imeeleza kwa uwazi mamlaka yanayotisha. Sheria ya zamani ilimruhusu ofisa wa kodi, akiwa na sababu za kuamini kwamba mtu ameficha mapato, kuvunja kufuli la mlango, sanduku au kasha. Kifungu cha 247 cha sheria mpya kinamruhusu pia kuipita nywila ya kompyuta na kuingia katika kile kinachoitwa anga pepe la kidijitali, ambamo zimo barua pepe, akaunti za mitandao ya kijamii, akaunti za benki na uwekezaji za mtandaoni, na seva za mbali. Serikali ilijitetea kwamba maofisa walikuwa wakifanya hivyo tayari na kwamba sheria imetaja tu kilichokuwepo. Utetezi huo haunitulizi, kwa sababu sanduku la mtu lina hati zake, lakini simu yake ina mazungumzo ya mkewe, ya daktari wake na ya wakili wake. Mahakama ya Juu ya India, kwa jopo la majaji tisa, iliamua mwaka 2017 kwamba faragha ni haki ya msingi ya raia, na naona kifungu hiki kitapimwa siku moja kwa hukumu hiyo.

Namna sheria ilivyopita nayo ina pande mbili. Muswada wa kwanza uliwasilishwa tarehe 13 Februari 2025, ukapelekwa kwa kamati teule ya bunge chini ya Bw. Baijayant Panda, na kamati ikarudi mwezi Julai na mapendekezo 285. Mojawapo liliwaokoa watu wa kawaida: muswada ule ungemnyima mlipakodi haki ya kurejeshewa fedha alizolipa zaidi kwa sababu tu amechelewa kuwasilisha ritani, na kamati ikataka sharti hilo liondolewe, likaondolewa. Serikali iliuondoa muswada wote na kuleta mwingine uliosahihishwa tarehe 11 Agosti. Hiyo ndiyo kazi ya bunge. Lakini siku hiyohiyo Lok Sabha, bunge la chini, liliupitisha kwa sauti katika dakika chache bila mjadala, wapinzani wakiwa katika maandamano juu ya jambo jingine.

Wala uwazi wa maneno peke yake haumlindi mtu. Mwaka 2012, baada ya kampuni ya simu ya Vodafone kuishinda serikali mahakamani katika shauri la kodi lililotokana na ununuzi wake wa mwaka 2007, serikali ya India ilibadili sheria na kuirudisha nyuma hadi mwaka 1962, ili kile ambacho mahakama ilisema hakitozwi kihesabiwe kuwa kilitozwa siku zote. Marekebisho yale yalieleweka vizuri sana, na ndiyo yaliyowaogopesha watu. Serikali ilishindwa katika usuluhishi wa kimataifa dhidi ya Vodafone na kampuni ya Cairn mwaka 2020, na mwaka 2021 ikayafuta madai hayo. Kwa mlipakodi, sheria inayosomeka ina faida ikiwa pia itabaki ilivyokuwa siku aliyoisoma.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwezi Juni, muswada wa fedha utakapowasilishwa Dodoma, kurasa zenu zitajaa orodha ya vilivyopanda na vilivyoshuka bei, kama ilivyo desturi. Nawaombeni safari hii mchague kifungu kimoja cha muswada huo, mkichapishe kizima kama kilivyo, na pembeni yake mmwombe mwenye duka, fundi cherehani au dereva wa bodaboda aeleze kwa maneno yake ameelewa anadaiwa nini. Nikijaliwa uzima, mimi nitajitolea kukokotoa hesabu.

Wako msomaji,
Mhasibu mstaafu,
Tanga