Mwanangu, Mkate Wenyewe Unakula?

Mwanangu Zuhura,

Huku hatujambo. Jana mdogo wako ulimi umemteleza, ndipo tukajua kwamba ulianguka maktaba kwa njaa. Jumapili ulinipigia, nusu saa nzima unanieleza habari za mkate, na hilo hukulitaja.

Unakula? Nijibu hilo kwanza.

Kazi uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Kale kanyota mbele ya *xlěbъ, neno la mkate la Waslavi wa kale, nilidhani kosa la chapa. Kumbe maana yake neno hilo hakuna aliyelikuta limeandikwa, mmelipata kwa kuwalinganisha watoto wake: khleb la Warusi, khlib la Waukraine, chleb la Wapolandi, khlyab la Wabulgaria. Mama yako nimemfundisha kuisoma ile x kama kh ya kheri, sasa anatembea nalo jikoni.

Mimi hiyo khleb nimeila Voronezh, Urusi, miaka mitano, nyeusi, chachu, na sikujua kwamba neno lenyewe Waslavi waliazima kwa Wajerumani wa kale. *Hlaibaz! Wagothi, jamaa mojawapo ya hao, wanalo kwenye Biblia aliyowatafsiria askofu wao Wulfila, karne ya 4, na Waingereza wamebaki na loaf. Ulipoeleza jinsi ai ilivyobanwa ikawa ě, nilicheka peke yangu. Si ndiyo sisi, ma-ino yakawa meno? Hilo ungeliandika. Mwalimu wako hawezi kulijua.

Na unaposema huenda jina lilifika pamoja na mkate wa kuumuka, wakati Waslavi walikuwa na mikate yao ya bapa, mimi mtu wa kilimo naafiki. Hata sisi hamira tumeichukua kwa Waarabu, jina na kitu chake.

Sasa mtu anayeyajua yote hayo anashindaje na chai? Tena hapo Brno, nchi ya Cheki, Moravia ileile walikofika wamisionari Cyril na Methodius mwaka 863 kuwafundisha watu kusoma Kislavoni. Umekwenda mbali hivyo ukaanguke kwa njaa?

Ile ya bibi wa bweni letu la Voronezh na gramu 125 za mkate kwa siku, Leningrad ilipozingirwa vitani, 1941, unaijua, siirudii. Yule hakuwa na hiari. Wewe unayo.

Hela ya Januari ilichelewa. Mabati yalikuwa yamepanda, nikajisemea huyu ana akiba. Hukusema kama huna. Na mimi sikuuliza. Basi.

Mjomba wako bado anaamini unasoma sheria. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, ule mwaka ulipobadilisha masomo. Akija sikukuu ya Idi nitamweleza, na ile kurasa ya meno nitamwonyesha, kama utaiandika.

Jumatatu ninatuma. Ni ya chakula, usinunue kitabu. Nunua mayai, maharage, na huo mkate, kisha unipigie picha ya sahani. Si ya kitabu, ya sahani.

Mama yako anauliza oveni ya hapo bwenini inawaka chini tu au na juu, maana anataka kukupa kipimo cha mkate wa ufuta. Mbuzi yule mweupe amezaa pacha. Bati moja linavuja bado, juu ya kitanda chako hasa, tumekisogeza ukutani.

Umekula leo?

Baba yako