Amepoteza maneno, hakupoteza ufahamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kuhusu ugonjwa wa ubongo uitwao Rett, ambao wasomaji wengi huenda hawajausikia kwa jina, ingawa baadhi yao wameuona kwa mtoto wa ndugu au jirani bila kuutambua.

Ugonjwa huu humpata takribani mtoto 1 kati ya kila watoto wa kike 10,000 wanaozaliwa, na kwa wavulana ni nadra zaidi. Binti yangu alizaliwa akiwa mzima, akakaa, akashika kijiko, akaanza kuniita "baba". Alipopita mwaka mmoja, maneno yakampotea moja baada ya jingine, kisha mikono ikaacha kushika vitu, ikabaki ikisuguana kifuani kutwa nzima kana kwamba ananawa. Tuliambiwa kwanza kuwa ni usonji, baadaye mtindio wa ubongo, na kwa kuwa dalili hufanana siwalaumu waliokosea.

Chanzo kilijulikana mwaka 1999, pale maabara ya Dkt. Huda Zoghbi nchini Marekani ilipogundua hitilafu katika jeni (chembe ya urithi) iitwayo MECP2, iliyoko kwenye kromosomu X, ambayo hutoa protini inayodhibiti utendaji wa jeni nyingine nyingi katika seli za ubongo. Karibu kila mara hitilafu hiyo huzuka upya bila kurithiwa, na mara nyingi huanzia katika mbegu ya baba. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu mke wangu ndiye aliyehojiwa na ndugu alikula nini alipokuwa mjamzito, nami sikuulizwa neno.

Hata hivyo, linaloniumiza zaidi ni watu kumjadili binti yangu mbele yake kana kwamba hayupo. Mwaka 2007 mwanasayansi Adrian Bird na wenzake walirejesha utendaji wa jeni hiyo kwa panya waliokwisha kuugua, na dalili nyingi zikaondoka, jambo lililoonyesha kwamba seli za ubongo hazikuwa zimekufa. Kwa binadamu tiba ya jeni ingali katika majaribio, na dawa ya trofinetide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza baadhi ya dalili tu. Kifafa, uti wa mgongo kupinda na pumzi kukatika vingali nasi.

Tangu tulipoanza kumwekea picha mbili mbele yake achague kwa kutazama, tumejua wimbo anaoupenda, nguo asiyoitaka na mgeni anayemchosha. Nawaomba wauguzi, walimu na jamaa wamsalimu yeye kwanza kabla ya kutuuliza sisi habari zake, na wakishamsalimu wasubiri, kwani jibu lake laweza kuchukua nusu dakika au zaidi, nalo huja kwa macho.

Wako,
Baba wa binti mwenye ugonjwa wa Rett