Mfupa Usiobebeshwa Kitu

Mwanangu mpendwa,

Jana daktari alipokata ile plasta uliutazama mguu wako kama mguu wa mtu mwingine: mwembamba, ngozi imepauka. Njiani ukaniuliza, "Mbona umepungua na ulikuwa umepumzika tu?" Nikakujibu hovyo kwa kuwa nilikuwa naendesha gari. Jibu lenyewe linaanzia mbali kidogo, kilomita 400 hivi juu ya kichwa chako.

Huko ndiko kinakozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Wengi hudhani wanaanga huelea kwa sababu mvuto wa dunia haufiki kule. Unafika, tena kwa karibu asilimia 90 ya huu unaotushika hapa. Ila kituo kinakwenda kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, kinaanguka kuizunguka dunia bila kuigusa, na waliomo wanaanguka nacho. Kwa hiyo hakuna sakafu inayowasukuma nyayo.

Wewe ukisimama, sakafu inakusukuma. Ukikimbia, kila unyayo unapotua mguu hupokea mara mbili, hata tatu, ya uzito wako. Mfupa hupinda kidogo mno, jicho halioni, lakini chembe hai zilizozikwa ndani yake huhisi. Hizo ndizo nyapara. Chini yao kuna wabomoaji wanaomega mfupa mkuukuu na wajenzi wanaoweka mpya. Vishindo vikikoma, wabomoaji huzidisha kazi. Wajenzi huachwa nyuma. Vikizidi, hujenga zaidi; ndiyo maana mcheza tenisi wa miaka mingi huwa na mfupa mnene zaidi kwenye mkono unaoshika raketi. Mwaka 1892 daktari Mjerumani, Julius Wolff, alishaandika kwamba mfupa hujijenga kwa kuufuata mzigo.

Mwanaanga asiyefanya mazoezi ya kutosha anaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mfupa wa nyonga kila mwezi. Mwanamke aliyekoma hedhi hupoteza kiasi cha namna hiyo kwa mwaka mzima. Kalsiamu inayomeguka hutoka na mkojo, ikaleta hatari ya vijiwe vya figo. Mifupa ya mikono haiumii sana, maana kule mikono ndiyo inayotembea: mtu hujivuta kwa vidole, akajisukuma ukutani, akafika. Miguu kazi yake ni kujichomeka chini ya vyuma ili asielee. Basi sugu za nyayo hubambuka, na sugu mpya huota juu ya mguu! Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Ili kujiokoa hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku. Wanapokimbia hufungwa mikanda inayowavuta chini kwenye mashine. Baiskeli yao haina kiti, cha nini na hakuna anayekaa? Vyuma vya kunyanyua navyo havina uzito, kwa hiyo huchuchumaa na kuinuka wakishindana na mitungi iliyoondolewa hewa. Valeri Polyakov, Mrusi aliyekaa siku 437 katika kituo cha Mir, alitua mwaka 1995 akapiga hatua chache kwa miguu yake mwenyewe. Mazoezi hayo, mwanangu, si mapambo.

Sasa mguu wako. Misuli itarudi mapema, utaiona mwenyewe kwenye kioo. Mfupa ni mzito wa kurudi. Kuna wanaanga ambao hata mwaka mmoja baada ya kutua nyonga zao hazijafikia zilivyokuwa. Wewe ni wiki sita tu, tena unakua, kwa hiyo sina wasiwasi. Ila ule mkongojo unaoukwepa utumie kama ulivyoelekezwa: wiki hii nusu ya uzito, wiki ijayo zaidi. Na nimekusikia leo asubuhi ukiruka vidato viwili vya mwisho vya ngazi. Bado.

Baba yako