Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, na maneno ya ile ruti ya Rabai

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha mbio, asalaam aleikum, na wengine habari zenu. Katibu aliniambia niandike taarifa fupi, ukurasa mmoja basi, lakini mwaka huu, tangu niitoe ruti yetu ya Rabai ndani ya ule msitu mtakatifu wa kaya, maneno yamekuwa mengi na mengi yake yamesemwa mie sipo, kwa hivo mtanivumilia.

Nianze na mnayoyajua. Jumamosi za kawaida tumekimbia hifadhi ya Nguuni na zile njia za msitu wa Bamburi chini ya mivinje, hakuna jipya, mlangoni kila mtu ajilipia mwenyewe na twiga washatuzoea. Wageni tunaowaleta huwa hawaamini kwamba pale Bamburi palikuwa machimbo ya mawe ya simiti, miti ilianza kupandwa 1971, lakini nyinyi mshaisikia hii kwangu mara nyingi. Upande wa Junda tumekimbia kando ya kriki ya Tudor kwa kufuata maji, siku za maji mafu, bahari ikipanda kidogo, ndo zetu, bamvua twaiachia wavuvi manake siku hizo bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mwaka juzi kuna waliorudi na matope mpaka kiunoni wakasema mwenyekiti hakuwaambia. Niliwaambia. Ramadhan tulihamisha mbio zikawa jioni, mwendo mdogo mdogo kabla ya futari. Shimba Hills tulikwenda, tukateremka na ranja mpaka maporomoko ya Sheldrick, palahala, wale swala wa pembe ndefu, tuliwaona kwa mbali, na Kenya nzima huwapati kwengine. Aliyeuliza kwa nini tulitembea badala ya kukimbia, jibu ni tembo.

Kuna jambo la saa. Tunaanza saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na kila mwezi kuna mtu ataka tusukume mpaka saa mbili ati Jumamosi ni ya kulala. Jamani hii ni Mombasa. Mwaka 2007 dunia nzima ilikuja hapa kwa mbio za nyika, pale uwanja wa gofu karibu na Mama Ngina, wakakimbia mchana, na Kenenisa Bekele aliyekuwa ameshinda ile mbio ndefu miaka 5 mfululizo akatoka kabla ya kumaliza, joto na unyevu vikamshinda, akashinda Zersenay Tadese wa Eritrea. Kama Bekele alitoka, wewe na raba zako za soko la Kongowea utafanya nini saa nne ya joto la kaskazi? Saa haibadiliki.

Haya, tuje Rabai, najua wengi wenu mmeruka huko juu kote mkaja hapa moja kwa moja.

Ruti ya zamani mwaijua. Twashuka steji ya Mazeras, twashika barabara ya Kaloleni mpaka Rabai, twaacha lami, twaingia kwa ule msitu wa kaya tena katikati yake, kivuli kitupu, chini majani makavu raha ya magoti, tukitokea upande wa pili ndo twateremka mto Kombeni. Ndo ruti iliyoleta nusu ya wanachama kwenye chama hiki, na nani aliyeitafuta? Mie. Nilikuwa naizunguka na baiskeli peke yangu wakati grupu ina watu saba. Kwa hivo mtu akisema mwenyekiti haipendi ile ruti huyo hajui anasema nini.

Taabu ilianza watu walipokuwa wengi. Tulipokuwa kumi hakuna aliyetuona. Tulipofika arobaini, mtu ana spika mgongoni yapiga muziki, paketi za glukosi zimetupwa, mwingine avunja tawi ajipepee, mwingine apiga selfi mahali ambapo hata mwenyeji hapiti na viatu halafu aiposti. Njia yenyewe ilikuwa ya kupita mtu mmoja mmoja, tukaipanua ikawa ya mkokoteni, mizizi yote nje, masika ilipoingia maji yakapata pa kupita yakabeba udongo mpaka mtoni. Mie naona haya kwa sababu nakimbia nyuma, na nakimbia nyuma ili nisiache mtu, si kwa sababu ya uzito kama alivyoandika bwana mmoja kwa grupu yetu ya simu.

Nikaenda kuwaona wazee wa kaya. Nilikwenda mwenyewe, fea yangu, sukari na majani nilinunua mwenyewe, sijadai chama hata shilingi. Wazee hawakunitukana wala hawakunifukuza, walinipa kiti, wakaniuliza tu kama kwetu watu huingia makaburini mbio. Nikakosa la kujibu, manake kwetu hatuingii.

Kwa wasiojua, na wapo, mtu kazaliwa Tudor kazeekea Tudor na hajui, kaya si msitu uliojiotea tu. Ni pahali Wamijikenda walikaa ndani ya boma lao miaka na miaka, walipohama msitu ukabaki na makaburi ya wazee wao na pahali pa matambiko, na wazee ndo walinzi wake mpaka leo. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kwenye turathi za dunia, zimetawanyika kwenye kilomita kama 200 za hii pwani yetu. Na kwengine miti ilikatwa ikaisha, zilizobaki zimebaki kwa sababu kuna mtu alisema hapana. Mwenye hamu ya kuona ndani aende Kaya Kinondo kule Diani, wageni wanapokelewa, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unaongozwa na mwenyeji, unatembea pole pole. Hakuna anayevaa kaptura ya kukimbilia akaangalia saa ya mkononi.

Kwa hivo nikaamua. Ruti sasa inazunguka kwa nje, inapita kwenye mashamba, minazi na mikorosho, na twateremka Kombeni kwa njia ya wenye mashamba ambao nao nilikwenda kuomba mimi. Imeongezeka kama kilomita mbili na jua ni lingi, sikatai. Masika hatuvuki mto kabisa, twageuzia juu, manake yale maji ukiyaona asubuhi ya goti, mvua ikipiga huko juu unarudi ya kifua.

Maneno yakaanza. Ati nimeamua peke yangu usiku wa Alhamisi nikatangaza kwa grupu bila mkutano. Ati naogopa majini wa msituni. Ati nataka kujipendekeza kwa wazee nifungue biashara ya kupeleka watalii. Mmoja akaweka ramani ya zamani kutoka kwa simu yake akaandika njia ni ya umma, na watu kumi na moja wakalefti grupu, tisa wakarudi baada ya wiki wakitaka kujua Jumamosi twakutana wapi. Hili la mkutano nalijibu. Katiba yetu yasema mwenyekiti anaweza kubadilisha ruti kwa ajili ya usalama. Mtasema kaya si usalama. Mie nasema ukiwa na watu arobaini kwenye kijiji cha wenyewe na wenyewe wamechoka nawe, hilo ni suala la usalama kamili, na sitangoja mpaka tufungiwe Rabai yote halafu muulize mwenyekiti alikuwa wapi. Na mkutano wa kujadili hilo niliuita baadaye, nadhani mwakumbuka, tulikuja watu sita, wawili wao walikuwa wapitia tu kuchukua jezi.

Hapo ndo nakuja kwenye mahudhurio, na hapa roho yaniuma. Kwenye daftari tuko 64. Jumamosi ya kawaida tuko kumi na tano, tukibahatika ishirini. Kukiwa na mgeni mwenye kamera tuko hamsini. Kwa grupu kila mtu yuko, alfajiri ujumbe 200, nani aja na gari, nani ana nafasi, ukifika steji uko wewe na mweka hazina na mtoto wa jirani yake. Ada ni 1,200 kwa mwaka, hiyo ni shilingi mia kwa mwezi, bei ya mahamri na chai mara mbili tatu. Waliolipa ni 27. Jumla 32,400. Zimetoka 31,050, yaani maji na glukosi 11,350, waongozaji 9,000, sanduku la huduma ya kwanza 4,200, matatu tuliyokodi kwenda Rabai 6,500. Imebaki 1,350 na risiti zote anazo mweka hazina, mwenye shaka akamuone, asinipigie mie usiku. Na wale 37 ambao hawajalipa, nimepitia majina moja moja, waliopiga kelele zaidi kuhusu ruti wengi wao wako humo humo. Sitaji mtu.

Mwakani tuna matumaini. Tungependa kujaribu upande wa kriki ya Mwache, sasa kwa vile barabara ya Dongo Kundu imetufungulia njia pengine tutapata namna ya kukimbia kule juu ya kriki asubuhi mapema, tutaona. Kuna wazo la siku ya kupanda mikoko na vijana wa Junda, kuna wazo la fulana mpya, kuna wazo la kumpata kocha, na kuna mazungumzo ya wazee wa kaya kutupokea siku moja, watu wachache, kwa kutembea, na hilo likitimia itakuwa kwa juhudi ambazo sitazirudia kuzitaja.

Uchaguzi utafanyika siku ya mkutano mkuu. Nasikia kuna anayetaka kiti, karibu sana, aje amelipa ada. Mweka hazina atakaa mlangoni na daftari, anapokea Mpesa na taslimu, na skrinishoti za malipo ya mwaka jana tafadhali msimletee.