Barua ya wazi kwa mdogo wangu: hiyo "kidogo tu" ni ngapi?

Mdogo wangu,

Ile video uliyonitumia juzi usiku, ukifungua maboksi ya gemu (yale unayolipia bila kujua ndani kuna nini), nimeiangalia mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, maana ulivyopiga kelele lile boksi la mwisho lilipowaka dhahabu nilijua kabisa nyumba nzima imeamka. Mara ya pili nikaanza kuhesabu. Maboksi 43. Mara ya tatu nikazima sauti, nikakuandikia "umetumia ngapi hapo?" na we ukajibu haraka haraka kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni siku zote: kidogo tu dada.

Hiyo "kidogo tu" naijua, yani naijua jina na ukoo, nimeishi nayo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Ndo maana naandika hapa hadharani badala ya kukupigia, kwanza nikikupigia huwa mtandao unakata (unakata kila nikitaja hela, maajabu ya dunia), alafu pili najua hauko peke yako, kuna watu wataisoma hii wakidhani nimewaandikia wao.

Sikwambii uache. Tuelewane hapo mapema kabla hujaanza kununa. Mi mwenyewe bado nacheza na bado nafungua maboksi, mwezi uliopita nimefungua sita, na ile sekunde moja kabla mwanga haujabadilika rangi bado inanipa raha ile ile, sitaki kukudanganya. Umeshaanza kushika hela yako mwenyewe, ni jasho lako. Nachokuomba ni kitu kimoja tena kinachosha: uandike. Kila unaponunua, kwa hela halisi, kabla hujafungua.

Acha nikwambie ilivyonikuta. Nilikuwa natafuta risiti ya kitu kingine kabisa kwenye imeli, nikaandika "risiti" pale pa kutafutia, zikashuka. Za gemu. Nikateremsha kidole, zinaendelea, nateremsha, zinaendelea, kuna siku moja zilikuwa tano zimepishana dakika nne nne, ya kwanza saa sita kasoro dakika kumi usiku. Nikachukua kalkuleta nikajumlisha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimebonyeza vibaya. Sikubonyeza vibaya. Ilizidi mshahara wangu wa mwezi mzima, na mtu angeniuliza asubuhi ya siku ile ningeapa kwamba haifiki hata robo yake, na ningeapa kwa moyo safi kabisa, maana hakuna hata risiti moja iliyokuwa kubwa. Kubwa kuliko zote ilikuwa sawa na tiketi mbili za sinema. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, sawa, sema hawakutaja kibaba chenyewe ni cha nani.

Na kilichoniuma zaidi ya jumla, nilikaa nikajiuliza katika vitu vyote nilivyotoa humo ni vipi nilikuwa navitaka kweli. Viwili. Kimoja nimeshasahau kilikuwa rangi gani.

Sasa kwanini hatuhisi? Kwa sababu boksi hulinunui kwa hela. Unanunua daimondi (hela ya ndani ya gemu) kwa hela halisi, alafu daimondi ndo zinanunua boksi, na gemu zingine zinaongeza ngazi ya tatu, daimondi zinanunua tiketi na tiketi ndo inafungua boksi, ukifika kule mwisho kichwa kilishaacha kuhesabu kitambo. Alafu angalia vifurushi vinavyopangwa. Tuseme boksi moja ni daimondi 300 na kifurushi kidogo kina 500. Unafungua moja, unabaki na 200 ambazo hazinunui kitu, zinakukodolea macho kila ukiingia. Unanunua kifurushi kingine, unakuwa na 700, unafungua mawili, inabaki 100. Mpaka ununue cha tatu ndo unafika sifuri. Ulikuwa unataka boksi moja, umefungua matano, na hapo hamna mtu aliyekulazimisha, ni hesabu tu ya mtu aliyekaa ofisini akaipanga.

Dawa yake ni kuvunja hiyo ngazi. Chukua bei ya kifurushi, gawa kwa idadi ya daimondi zake, zidisha kwa bei ya boksi. Ukishapata hiyo namba iandike juu kabisa kwenye notisi za simu, pale pa kuandikia kumbukumbu: boksi moja = hela fulani. Zile za bonasi "nunua upate 10% zaidi" usiziingize kwenye hesabu, hizo zipo ili ununue kifurushi kikubwa ambacho hukukipanga. Na zile 200 zinazobaki ziache zikae. Najua zinawasha. Ziache.

Alafu kuna hili la asilimia, hapa naomba utulie kidogo maana siku ile ulinambia "ni asilimia 1, nikifungua 100 lazima kitoke" na mi nikaacha ipite kwa sababu tulikuwa mbele za watu. Sio lazima. Boksi halimjui aliyetangulia. Kila moja linaanza upya na asilimia 1 yake. Ukifungua 100 za hivyo, uwezekano wa kupata walau mara moja ni kama asilimia 63, yani wakikaa watu 100 wote wakafungua mia mia, kama 37 wanaondoka hawana kitu na hawajakosea popote. Ukitaka uwe na uhakika wa asilimia 99, unahitaji maboksi 459. Zidisha 459 kwa ile namba uliyoiandika juu ya notisi. Mi nilizidisha, nikaweka simu chini, nikaenda kunywa maji.

Zipo gemu zenye garantii, ile wanaita piti, kwamba ukikosa sana mwishowe unapewa. Ni afadhali, sema soma masharti yake yote. Chukua Genshin Impact, maana asilimia zake zinajulikana: mhusika wa nyota tano, daraja la juu kabisa, ni asilimia 0.6 kwa kila kuvuta (kule kuvuta ndo kama kufungua boksi), na ukifika mara ya 90 unapewa kwa lazima. Watu wanasikia 90 wanaishia hapo. Ila huyo unayepewa anaweza asiwe yule uliyekuwa unamtaka, ni karibu nusu kwa nusu, ukimkosa, wa nyota tano anayefuata ndo anakuwa yeye kwa uhakika. Kwahiyo mwisho wa mbali kabisa sio 90, ni 180. Kuvuta mara moja ni primogem 160 (ndo daimondi za gemu hiyo), mara 180 ni 28,800. Hiyo ndo bei yake. Ukimpata mapema mshukuru Mungu, ila panga kwa 28,800, na kama ulizojikusanyia ukijumlisha na bajeti yako hazifiki huko, usianze kuvuta, subiri, kusanya za bure, wahusika wanarudi. Kosa baya ninaloliona ni mtu kuanza na za kufika katikati, akifika katikati anasema nimeshatumia nyingi siwezi kuacha sasa.

Bajeti yenyewe ni nyepesi kuliko unavyodhani. Toa vinavyolipwa kwa lazima, toa akiba, toa deni kama lipo, kinachobaki ndo cha starehe na gemu inagombania humo humo na nguo na kutoka na marafiki na vingine vyote. Kiasi gani? Sina fomula, nina kipimo changu tu: chagua kiasi ambacho kikiisha chote na usipate kitu hutanuna hata kidogo. Kama utanuna, punguza. Kwa sababu unacholipia ni kule kufungua, kilichomo ndani hujakinunua bado.

Alafu futa kadi kwenye akaunti. Hii usibishane nami. Nunua vocha ya kiasi cha mwezi, iingize mara moja, ikiisha imeisha mpaka mwezi mwingine, na kukopa kwenye mwezi ujao hakuna. Isipoisha, inasonga mbele, mi nairuhusu hiyo kwa sababu ndo inavyokusaidia kufikia garantii bila kukurupuka. Kuna watu wanasema isisonge, sijawahi kuelewa kwanini.

Kwenye kuandika, orodha yangu ina safu tano: tarehe, saa, hela halisi, nilikuwa nataka nini, nimepata nini. Safu ya saa niliiweka kama mzaha, ikawa ndo iliyonifundisha kuliko zote. Baada ya wiki sita niliona karibu manunuzi yote yapo baada ya saa tano usiku, na nikikumbuka vizuri mengi yalikuwa mara tu baada ya kupigwa mechi mbili tatu mfululizo. Sikuwa nataka skini yoyote (yale mavazi ya mhusika), nilikuwa na hasira nataka kitu kizuri kinitokee kabla sijalala. Kwahiyo sheria yangu sasa, hainunuliwi kitu baada ya saa nne usiku, na kama bado nakitaka asubuhi nikiwa napiga mswaki, sawa. Asubuhi huwa sikitaki.

Na hiyo ya "nilikuwa nataka nini" ijaze kabla hujafungua, ukijaza baada utajidanganya, kila kilichotoka utasema ndo nilikuwa nakitafuta. Jingine la pembeni: jaribu kufungua ukiwa umeruka ile filamu fupi ya boksi kufunguka, bonyeza ruka, uone kilichotoka tu kikavu kikavu. Raha inayobaki baada ya hapo ni ndogo mno, inatisha kidogo.

Simu nayo itakusaidia ila usiitegemee sana. Google Play kwenye sehemu ya malipo kuna bajeti na historia, unaweka kiwango cha mwezi, sema kiwango hicho kinakuonya tu, hakikuzuii, kwahiyo weka na ile ya kudai nywila kwa kila ununuzi. iPhone kwenye mipangilio ya muda wa skrini unaweza kuzima kabisa manunuzi ya ndani ya programu, mpe mtu mwingine akuwekee namba ya siri. Steam, lile duka la gemu za kompyuta, wana historia yako yote ya manunuzi, na kwenye kurasa zao za msaada kuna sehemu inakupa jumla ya hela yote uliyowahi kuingiza, namba moja kavu tangu ufungue akaunti. Ifungue ukiwa umekaa.

Usisubiri serikali ikuhesabie. China tangu Mei 2017 wanalazimisha kampuni zitangaze asilimia za kupata kila kitu kwenye boksi, Apple wakaweka sharti hilo kwenye App Store Desemba mwaka huo huo, ndo maana ukitafuta unazikuta, zimefichwa kwenye kialama kidogo pembeni. Ubelgiji mwaka 2018 walisema maboksi ya kulipia ni kamari, EA, kampuni ya gemu la mpira la FIFA, wakaacha kuuza FIFA Points (daimondi za gemu hiyo) kule Januari 2019, Uingereza nao 2022 wakaamua hawabadili sheria yao ya kamari kwa ajili yake. Kila nchi na lake, na wewe hela yako inatoka usiku ule ule.

Kuna jambo moja siwezi kuliweka kwenye safu. Kama umeshaanza kukopa ili ufungue, au unafuta risiti ili mtu asizione, au unafungua ili urudishe ulizopoteza, hapo notisi haitoshi na sio suala la kujipanga tena, nipigie saa yoyote hata mtandao ukikata tutapigiana tena, na wapo washauri wanaosaidia watu wa kamari, hawatakushangaa kwamba ilikuwa gemu. Mi nilishafuta risiti. Mbili. Nilikuwa naishi peke yangu na bado nilizifuta, sijui nilikuwa namficha nani.

Sasa kazi yako. Jumamosi fungua imeli, tafuta risiti za miezi mitatu, jumlisha, unitumie namba tu. Sitaki maelezo, sitauliza kitu, na sitamwambia mama. Ili usione nakuonea, ya kwangu ya jana hii hapa: saa mbili usiku, boksi moja, nilikuwa nataka joho jeusi, nimepata emoti ya kupunga mkono. Nimeshaipunga mara mbili.

Dada yako