Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Jioni kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi, uongozi wa chuo, walimu wetu, ndugu na jamaa,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua risala ndefu humchosha mgeni, hivyo tutasema machache.

Wengi wetu si vijana. Tumo makarani, mafundi na wahasibu, na wawili kati yetu wana wajukuu. Tulirudi darasani tukiwa na kazi, kwa kuwa kazi zenyewe zilikuwa zinatuponyoka. Aliyezoea daftari la hesabu alikuta lahajedwali, yaani jedwali la hesabu la kwenye kompyuta, mezani. Aliyeizoea lahajedwali, tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, ilipotoka mwishoni mwa 2022, anaulizwa kama anajua kuitumia akili mnemba.

Mwalimu alitusimulia habari za Dorothy Vaughan wa Marekani. Mwaka 1949 alipewa kuongoza kikosi cha wanawake waliokokotoa hesabu za utafiti wa ndege. Hao wanawake ndio walioitwa "kompyuta". Mashine zilipoanza kuichukua kazi yao, Bi. Vaughan alijifunza lugha ya programu ya FORTRAN, kisha akawafundisha wenzake. Hapo pa kuwafundisha wenzake ndipo palipotugusa, maana kazini kwetu anayejua jipya mara nyingi hulificha.

Ndugu mgeni rasmi, masomo yenyewe si magumu kama watu wanavyodhani. Kigumu ni aibu. Fundi wa miaka ishirini kuketi mbele ya kijana anayeweza kuwa mwanawe na kusema "hapo sijaelewa, rudia", hilo lilitugharimu wiki tatu za mwanzo. Wapo walioshindwa, wakaondoka kimya kimya.

Changamoto ya pili ni kusahau. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, aliandika tangu 1885 jinsi mtu anavyopoteza haraka alichojifunza asipokirudia. Sisi tunasoma jioni, asubuhi tunarudi kwenye kazi ileile ya zamani, na ujuzi mpya unakosa pa kutumika.

Kwa hiyo ombi letu kwako, ukiwa mwajiri, ni mambo mawili. Wafanyakazi watengewe walau saa chache za kujifunza ndani ya muda wa kazi. Na mtu akihitimu, apewe kazi halisi ya kufanyia alichosomea, hata kama ataikosea mara ya kwanza. Cheti tutakitundika ukutani. Mikono ndiyo inayohitaji mazoezi.

Tunakukaribisha sasa utukabidhi vyeti vyetu. Utuwie radhi tukiondoka mapema: darasa la ngazi ya pili linaanza leo jioni, na tisa kati yetu tumeshajiandikisha.

Ahsante kwa kutusikiliza.