Ujanja wa foleni Florida unawaponza wenye ulemavu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu tabia inayozidi kuzoeleka miongoni mwetu Waswahili tunaoishi Marekani, na zaidi miongoni mwa ndugu zetu wanaokuja kututembelea wakati wa likizo. Kila ifikapo Juni, katika makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya wa huku Orlando, Florida, hakosi mtu wa kuuliza namna ya kuwapitisha watoto katika bustani za burudani bila kukaa foleni, na hakosi wa kumjibu kwamba amwambie mhudumu mtoto ana usonji, au akodi kiti cha magurudumu pale getini, na mambo yatajipa. Jibu hilo hupokewa kwa vicheko na alama za dole gumba. Mtoto wa dada yangu, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu, ana usonji wa kweli, na vicheko hivyo vimenichosha.

Ujanja huu hatukuuanzisha sisi. Mei 2013 gazeti la New York Post liliandika habari za akina mama matajiri wa Manhattan waliokuwa wakimkodi mtu mwenye ulemavu ajifanye mmoja wa familia katika bustani za Walt Disney World, za kampuni ya Disney hapa Florida, kwa dola 130 kwa saa au dola 1,040 kwa siku ya saa nane, ili wote wapite naye mlango wa pembeni. Wakati huo Disney ilikuwa ikitoa kadi ya msaada ambayo mara nyingi ilimwezesha mwenye nayo kuingia kwenye mchezo karibu papo hapo. Oktoba mwaka huohuo kadi hiyo ilifutwa, ukaletwa utaratibu mwingine ambao, pamoja na marekebisho ya hapa na pale, ndio unaotumika hadi sasa.

Utaratibu wenyewe wajanja wengi hawaujui vizuri. Mchezo ukiwa na foleni ya dakika 80, mwenye kibali cha ulemavu hupewa saa ya kurudi inayokaribiana na muda huohuo, akakae kivulini, ale, azungukezunguke, kisha arudi na kuingia kwa mlango wa haraka. Anasubiri kama wenzake, ila hasubiri akiwa amebanwa katikati ya watu. Ama kiti cha magurudumu, foleni nyingi za Walt Disney World zimejengwa kwa upana wa kukipitisha, kwa hiyo anayekikodi bila kukihitaji huishia kukisukuma katika foleni ileile na kodi ameshalipa. Kwa huyo, nakiri, simwonei huruma sana.

Familia ya kijana mmoja mwenye usonji iliona saa ya kurudi haimfai mtoto wao, ikaishtaki Disney ikitaka aruhusiwe kuingia moja kwa moja. Mwaka 2020 jaji wa mahakama ya shirikisho hapa Florida aliwakatalia, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Moja ya hoja zilizowaangusha ilikuwa kwamba ruhusa ya namna hiyo ingefungua tena mlango wa udanganyifu uliokuwepo kabla ya 2013. Wajanja hawakuwa upande wowote wa kesi ile, lakini ndio waliomponza yule kijana.

Niseme kidogo foleni ilivyo kwa mtoto wetu, maana wengi hudhani ni suala la kukosa subira. Nyumbani anaweza kukaa saa tatu na vipande vya fumbo la picha bila kuinua kichwa. Foleni ya Julai ni vyuma vinavyokunja huku na huku, joto la Florida, mgongo wa mtu mbele na pumzi za mtu nyuma, na kipaza sauti kinachorudia tangazo lilelile kila baada ya muda mfupi. Huanza kwa kuziba masikio, kisha huhesabu vyuma kwa sauti, na hesabu ikimchanganya hujilaza chini. Ana miaka 14 na ameshampita mama yake kwa urefu. Akilala pale, hatoki mpaka wote walio nyuma yake wapishe. Tulijaribu foleni ya kawaida katika bustani moja alipokuwa mdogo, na hatukurudia. Siku hizi tunatumia kibali, lakini sasa kuna jingine: tukipita mlango wa haraka, watu waliosimama juani wanamwangalia kijana mrefu, mwenye afya ya mwili, na kunong'ona. Siwalaumu sana wanaonong'ona, kwa kuwa wameshaona wengi waliodanganya.

Pamoja na hayo, kampuni zenyewe haziwezi kunawa mikono. Tangu 1999 Disney ilikuwa na tiketi za haraka ambazo kila mgeni alizipata bure. Oktoba 2021 zikaja za kulipia, zikianzia kama dola 15 kwa mtu kwa siku kule Florida, na mwishoni mwa 2024 ikaongezwa nyingine ya kifahari iliyoanza kwa bei kati ya dola 129 na 449 kwa mtu mmoja kwa siku, kulingana na bustani na msimu. Wenye kibali cha ulemavu na waliolipa huingia kwa mlango mmoja. Mtu mwenye watoto wanne akipiga hesabu hiyo, kibali cha mgonjwa kinaacha kuonekana msaada, kinaonekana punguzo la bei. Kampuni ilieleza kuwa wanaokitumia waliongezeka zaidi ya mara tatu katika miaka mitano, na mimi siamini kwamba ulemavu uliongezeka kwa kasi hiyo. Anayedanganya amedanganya, sihalalishi. Lakini aliyeweka bei kwenye foleni naye ana sehemu yake katika vishawishi hivi.

Matokeo yamewafikia wasiohusika. Kuanzia Mei 2024 Walt Disney World, na Juni mwaka huohuo Disneyland ya California, zimekibana kibali hicho hata kikabaki hasa kwa watu wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji. Mwombaji huhojiwa kwa simu ya video, na mtaalamu wa afya aliyepewa mkataba anaweza kuitwa kusikiliza. Sisi tulipita. Lakini mtu mzima mwenye ugonjwa wa utumbo anayehitaji choo wakati wowote, mwenye maumivu sugu, au askari aliyerudi vitani na hofu ya kubanwa na umati, wengi wao sasa huambiwa waingie foleni ya kawaida na watoke wakizidiwa, halafu warudi. Nani asiyejua ilivyo kupenya watu mia wenye hasira ili urudi nafasi yako? Februari 2025 kesi ya kundi ilifunguliwa California kupinga masharti hayo.

Wapo wanaosema dawa ni barua ya daktari tu. Universal, wenye bustani zinazoshindana na za Disney, wamefuata njia ya karibu na hiyo: mgeni hujisajili kwenye shirika la nje na kuambatanisha vielelezo kabla ya kufika. Nina shaka nayo. Kupata mtaalamu wa kuthibitisha usonji hapa Marekani huchukua miezi na fedha nyingi, hasa kwa mhamiaji asiye na bima nzuri, na kwa anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kwa wiki mbili ni kazi zaidi. Na aliyeweza kulipa dola 130 kwa saa hatashindwa kuitafuta barua. Mahojiano yafanywe, tena kwa makini, lakini yapime mahitaji ya mtu na si jina la ugonjwa wake pekee.

Wanaopanga kuja wajue pia kwamba Disney imetangaza kuwa atakayebainika kusema uongo kwa ajili ya kibali atafungiwa daima, na tiketi alizonunua zitapotea bila kurudishiwa fedha. Sisemi habari ya kumwambia mtoto mwenye afya mbele yake kwamba leo wewe ni mgonjwa. Wazee wetu walisema mdomo huumba.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa zako za safari zinapoeleza likizo za Marekani, ziwataarifu wasomaji njia halali zilizopo, tena za bure. Wafike kabla geti halijafunguliwa, kwa kuwa saa ya kwanza foleni ni fupi. Wenye mtoto asiyefikia kimo cha mchezo wamwambie mhudumu kuwa wanapokezana: mzazi mmoja hupanda, mwingine hubaki na mtoto, kisha hubadilishana bila huyo wa pili kuanza foleni upya. Vijana wakubwa wasioona vibaya kukaa na wageni watumie foleni ya mtu mmoja mmoja, ambayo baadhi ya michezo inayo na kwa kawaida huenda haraka. Na wasimamizi wa makundi yetu ya WhatsApp, ambao hufuta matangazo ya upatu mara yanapotumwa, wafute vilevile ujumbe wa kumfundisha mtu kumsingizia mwanawe usonji.

Msomaji wako,
Orlando, Florida